Shajara ya mradi: kupima elementi za NGC 7009 kwa darubini ya milimita 250

Nyota yenye uzito wa kuanzia mara 1 hadi mara 8 hivi ya Jua haimalizi maisha yake kwa mlipuko. Inamwaga matabaka yake ya nje, halafu kiini cha moto kinachobaki kinaiwasha gesi hiyo kwa miale ya urujuanimno. Ganda hilo linaitwa nebula ya sayari, ingawa halihusiani na sayari yoyote. Ndani yake mna heli, naitrojeni na kaboni iliyopikwa na nyota yenyewe, pamoja na oksijeni ambayo sehemu kubwa nyota ilizaliwa nayo. Lengo la mradi ni kupata wingi wa elementi hizo kwa namba, kwa kifaa kidogo, na kuandika kila hatua ili mwenye darubini ya namna hii aweze kuirudia.

## 27 Julai 2024: Shabaha na vifaa

Tumechagua nebula ya sayari NGC 7009 katika kundinyota la Ndoo, ile ambayo William Herschel aliiona mwaka 1782. Sababu ni tatu. Inang'aa sana kwa eneo lake dogo: mwili wake mkuu hauzidi sana sekunde 25 za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii). Iko digrii 11 kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo kaskazini na kusini mwa dunia wote wanaifikia. Na nyota ya rejea HR 7950, ambayo mng'ao wake kwa kila urefu wa wimbi umeshapimwa na kuchapishwa, iko umbali wa digrii 4.5 tu kutoka hapo. Sababu hii ya tatu tuliichukulia kama nyongeza nzuri. Ilikuja kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Vifaa: darubini ya kioo yenye kipenyo cha mm 250 na fokasi ya mm 1250, spektrografu (kifaa cha kutawanya nuru kwa urefu wa wimbi) yenye mwanya wa maikromita 23 na wavu wa kutawanyia wa mistari 300 kwa milimita, inayoshika angstromu 4000 hadi 7400 (angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kwa uwezo wa kutenganisha wa 1000, yaani urefu wa wimbi ukigawanywa kwa unene wa mstari, kamera ya biti 16 iliyopozwa, kamera ndogo ya kuongozea inayoutazama mwanya. Kwa fokasi hiyo mwanya unakata sekunde 3.8 za tao angani, yaani ukanda mwembamba tu wa nebula.

Kabla ya kugusa darubini, ni vizuri kujua hesabu nzima inaning'inia wapi. Mistari ya kijani ya angstromu 4959 na 5007 inatoka kwenye oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. William Huggins aliiona kwenye nebula mwaka 1864, ikadhaniwa ni elementi mpya, mpaka Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni mistari marufuku ya oksijeni: ioni hukaa zaidi ya nusu dakika ikiwa imesisimka kabla ya kutoa nuru, jambo lisilowezekana maabara kwa sababu migongano huiwahi. Ioni hiyohiyo ina mstari mwingine, dhaifu, kwenye 4363, unaotoka ngazi ya juu zaidi kwa elektronivolti 2.84. Elektroni zikiwa na joto kubwa, ngazi ya juu hufikiwa mara nyingi na 4363 hupanda. Zikipoa, hushuka. Uwiano wa mistari hiyo ndio kipimajoto, na bila halijoto hakuna wingi wa elementi. Kwa NGC 7009 mstari wa 4363 una nguvu ya takribani asilimia 8 ya Hβ (mstari wa hidrojeni wa 4861, unaotumika kama kipimo cha mingine), wakati 5007 ni mara 11 na zaidi ya Hβ. Kosa lolote kwenye 4363 linaingia moja kwa moja kwenye kila namba ya mwisho, na nusu ya shajara hii ni habari ya mstari huo mmoja.

## 6 Agosti: Usiku wa kwanza, 5007 ilijaa

Picha 18 za sekunde 600. Picha za giza 20 (za kutoa kelele za kamera), picha za taa 15 (za kusawazisha mwitikio wa kihisi), nyota ya rejea mara mbili. Gharama: saa 4 na nusu za anga, gigabaiti 3 hivi za data.

Kosa lilionekana asubuhi tulipogawanya 5007 kwa 4959. Mistari hii miwili inatoka ngazi moja, kwa hiyo uwiano wake unawekwa na atomu yenyewe: 2.98, haijalishi joto wala msongamano wa gesi. Sisi tulipata 2.31. Pikseli za katikati ya 5007 zilikuwa zimejaa, tena si kwa kiwango cha kushtua: kwenye skrini mstari ulionekana wa kawaida kabisa, umebapa kidogo kichwani. Chanzo ni kwamba kamera iliwekwa kwenye ukuzaji (gain) wa juu ili kushika mistari dhaifu, na kwenye ukuzaji huo pikseli moja inajaa kwa elektroni 16,000 hivi.

Marekebisho mawili. La kwanza linaokoa data iliyopo: pima 4959 peke yake, kisha zidisha kwa 3.98 ili upate jumla ya mistari yote miwili. La pili ni kwa usiku unaofuata: ukuzaji ushushwe, na kila seti ya picha ndefu iambatane na picha fupi 15 za sekunde 20. Mistari mikali inapimwa kwenye fupi, dhaifu kwenye ndefu, na Hβ inapimwa kwenye zote mbili ili kuunganisha mizani.

Tunashauri uwiano wa 2.98 uwe jambo la kwanza kukaguliwa kila asubuhi, kabla ya chochote kingine. Unachukua dakika mbili na unafichua kujaa, mandharinyuma mabaya na kamera isiyo na uwiano wa moja kwa moja.

## 10 Agosti: Mizani ya urefu wa wimbi

Taa yetu ya kupimia urefu wa wimbi ilikuwa ya neoni tupu. Mistari mizuri ya neoni inaanzia 5852 kwenda upande wa nyekundu. Chini ya hapo hakuna cha kushika. Mlinganyo wa daraja la nne ulipita vizuri kwenye nyekundu kisha ukapotea kwenye bluu: Hγ, mstari mwingine wa hidrojeni, ambayo inapaswa kuwa 4340.5, ilitokea 4331. Programu haikulalamika, kwa kuwa mabaki ya ulinganifu yalikuwa madogo pale penye mistari.

Tuliacha daraja la nne, tukatumia la tatu, na nebula yenyewe ikawa taa ya upande wa bluu: Hδ 4101.7, Hγ 4340.5, Hβ 4861.3, 4958.9 na 5006.8. Mabaki yakashuka chini ya angstromu 0.5 kila mahali. Mwenye taa ya argoni na neoni hatakutana na tatizo hili.

## 3 Septemba: Zebaki ndani ya oksijeni

Hapa ndipo pana kosa lililokula muda mwingi kuliko yote, na ndilo ambalo mtu anaweza kulichapisha bila kujua.

Seti ya usiku huu ilipita ukaguzi wa 2.98. Mstari wa 4363 ulionekana wazi, mnene kidogo. Tulipata 13.4 kwa Hβ = 100, na halijoto ikatoka kelvini 12,200. Namba hiyo haina dosari usoni, maana ziko nebula zenye joto hilo. Lakini vipimo vingi vilivyochapishwa vya NGC 7009 viko karibu na 10,000, na tofauti ya 2000 si ya kupuuza.

Mstari wa 4363.2 una jirani: zebaki ya taa za barabarani, 4358.3. Kati yao kuna angstromu 4.9. Kwa uwezo wa kutenganisha wa 1000, unene wa mstari mmoja hapo ni 4.4. Macho yanaona mstari mmoja mnene, na programu ya kupima inaona hivyohivyo. Taa za LED hazitoi mstari huu, za zebaki zinautoa, kwa hiyo tatizo hutegemea upande gani wa upeo unaelekea.

Swali lilikuwa kwa nini zebaki ilibaki ilhali anga lilikuwa limeshatolewa. Tulichukua mandharinyuma kutoka ncha ya mwanya, mbali na nebula, na huko nuru inafika pungufu kwa asilimia 20 kuliko katikati, kwa sababu ya kivuli cha lenzi za spektrografu. Picha za taa zilipaswa kusawazisha hilo, lakini taa yetu iliumulika mwanya kwa upande mmoja zaidi, na usawazishaji ukaongeza kosa badala ya kuliondoa. Zebaki ghafi ya anga ilikuwa kama vipande 28 kwa mizani ya Hβ = 100. Asilimia 20 ya hapo ni 5.6, na ndiyo ziada yote tuliyoiona kwenye 4363.

Athari yake ukiifuata mpaka mwisho: halijoto ikipanda kutoka 10,200 hadi 12,200, wingi wa O²⁺ (oksijeni iliyopoteza elektroni mbili) unashuka hadi asilimia 56 ya thamani yake. Karibu nusu ya oksijeni ya nebula inapotea kwa sababu ya taa ya barabarani.

Tulichofanya:

Picha za kusawazisha sasa zinapigwa kwenye anga la machweo, ambalo linajaza mwanya sawasawa kwa urefu wake. Picha za taa zimebaki kwa ajili ya tofauti ya pikseli kwa pikseli tu.

Mistari ya anga ilikuwa imeinama kwenye kihisi, karibu pikseli 1.3 kutoka ncha hadi ncha. Picha inanyooshwa kwanza kwa kutumia picha ya taa ya neoni, ndipo anga litolewe. Ukitoa kabla ya kunyoosha unabakiza jozi ya bonde na kilima, na kilima kinaweza kuangukia 4363.

Mwanya umezungushwa. Mwanzoni ulilala mashariki kwenda magharibi, ambako NGC 7009 ina masikio yake mawili na utando hafifu unaoenda mbali. Sehemu tuliyoiita anga tupu ilikuwa na nuru ya nebula. Sasa mwanya umelala kaskazini kwenda kusini na anga linachukuliwa pande zote mbili.

Ukaguzi: zebaki ina mstari mwingine kwenye 5460.7, ambako nebula haina kitu cha nguvu. Kama 5461 inaonekana kwenye spektra iliyokwisha kusafishwa, 4363 haiaminiki. Kwa data iliyorekebishwa 5461 ilibaki chini ya 0.3, na 4363 ikatoka 8.1.

Gharama ya kosa hili: usiku mmoja wa anga, na jioni tisa za kompyuta.

## 8 Septemba: Bluu iliyozidi

Nguvu za mistari ya hidrojeni zina uwiano unaojulikana. Kwa kelvini 10,000 na msongamano wa nebula hii, Hα/Hβ ni 2.85 na Hγ/Hβ ni 0.469. Vumbi lililo njiani hupunguza bluu kuliko nyekundu, kwa hiyo Hγ/Hβ inayopimwa inatakiwa iwe chini ya 0.469. Sisi tulipata 0.50. Kwa Hα tulipata kipimo cha vumbi chanya, kwa Hγ kipimo hasi. Vumbi hasi halipo.

Kosa lilikuwa kwenye nyota ya rejea. Usiku ule ilipigwa ikiwa chini, ambako unene wa hewa ulikuwa mara 1.9 ya ule wa utosini. Hewa hupinda bluu zaidi kuliko kijani, na kwa unene huo tofauti kati ya 4000 na 5000 inapita sekunde moja ya tao. Nyota ni nukta. Kamera ya kuongozea iliishika kwa rangi ya kijani katikati ya mwanya wa sekunde 3.8, na sehemu ya bluu ikaangukia kwenye ukingo wa chuma. Spektra ya nyota ikaonyesha bluu pungufu, programu ikahitimisha kwamba kifaa hakioni bluu vizuri, ikaiongezea nebula bluu isiyo yake. Nebula haikuathirika vile, kwa kuwa ni pana na inaujaza mwanya.

Marekebisho ni kupiga vyote viwili vikiwa karibu na meridiani (mstari wa anga unaopita utosini kutoka kaskazini hadi kusini), HR 7950 dakika chache kabla na baada ya nebula. Hapo kuna faida ambayo hatukuipanga: mwanya wa kaskazini hadi kusini, tuliouweka kwa ajili ya anga, kwenye meridiani unalingana na upande ambao hewa inapindia nuru. Rangi zote zinatandazwa kando ya mwanya, hazitoki nje yake. Pale ambapo shabaha haifiki meridiani usiku, zungusha spektrografu mpaka mwanya usimame wima kuelekea utosini.

Kuna njia nyingine ya kujikinga, nayo tumeifanya ya kudumu. Pima 4363 dhidi ya Hγ iliyo jirani yake kwa angstromu 23, si dhidi ya Hβ. Kwa umbali huo mwitikio wa kifaa na vumbi havina nafasi ya kudanganya. Kisha zidisha kwa 46.9, thamani ya kinadharia ya Hγ. Vivyo hivyo, 4959 ipimwe dhidi ya Hβ. Ila Hγ ina mabawa, na kitako cha bawa lake la kulia kinafika kwenye 4363, kwa hiyo mistari yote miwili ilinganishwe kwa pamoja, yenye unene mmoja, juu ya mandharinyuma yaliyochukuliwa 4310–4325 na 4400–4420.

## 29 Septemba: Usiku uliofaulu

Picha ndefu 18, fupi 15, nyota ya rejea mara nne, machweo 25. Nebula ilivuka meridiani katikati ya seti. Uwiano wa 5007 kwa 4959: 2.97. Mstari wa 5461 hauonekani. Hakuna la kuongeza, na hivyo ndivyo usiku mzuri unavyopaswa kuandikwa.

## 6 Oktoba: Vumbi

Hα iko kati ya mistari miwili ya naitrojeni, 6548 na 6583, na kwa kifaa hiki mabawa yao yanagusana. Tulilinganisha mistari mitatu kwa pamoja: nafasi zimefungwa, unene mmoja, na 6583 ikilazimishwa kuwa mara 3 ya 6548. Ukiacha 6548 huru, inaiba nuru ya Hα na naitrojeni inapanda bila sababu.

Hα/Hβ = 3.22. Kwa mlinganyo wa kawaida wa vumbi, mgawo wa Hα ni −0.297, kwa hiyo kipimo cha vumbi, c = log(3.22/2.85) ÷ 0.297 = 0.18. Hγ/Hβ ilitoka 0.441, na kwa c hiyo inatarajiwa 0.439. Mistari miwili, mmoja kila upande wa Hβ, inasema jambo moja. Kwa maoni yetu huu ndio ushahidi mkubwa kwamba mwitikio wa kifaa sasa uko sawa, mkubwa kuliko ulinganifu wowote na namba za watu wengine.

## 13 Oktoba: Msongamano na halijoto

Msongamano unatoka kwenye jozi ya salfa, 6716 na 6731. Tulipata 1.19 na 2.16, uwiano 0.55, yaani elektroni 4400 hivi kwa sentimita ya ujazo. Uwiano ukikosewa kwa 0.03 tu, msongamano unacheza kati ya 3400 na 5900. Inatisha kuiona, lakini kwa halijoto ya oksijeni haina uzito: tofauti yote hiyo inahamisha joto kwa kelvini 30 hivi.

Halijoto, kwa mkono kwanza (T ni halijoto, n ni msongamano wa elektroni): 

(4959 + 5007) / 4363 = 7.90 × e^(32,900/T) ÷ (1 + 0.00045 × n/√T)

Baada ya kusahihisha vumbi, 4959 ni 386, 5007 ni 1150, 4363 ni 7.9. Uwiano ni 194. Rudisha marekebisho ya msongamano (1.02), gawanya kwa 7.90, chukua logi asilia: 3.22. T = 32,900 ÷ 3.22 = kelvini 10,200.

Kisha tukarudia kwa PyNeb, programu ya Python inayotumiwa na wanaofanya kazi hii. Ilitupa jibu la ajabu mara ya kwanza kwa sababu tuliandika uwiano juu chini: namba tuliyoipa ilikuwa ya mistari ya kijani juu ya 4363, wakati maelezo ya uwiano tuliyoyaandika yalikuwa kinyume chake. Programu inarudisha tupu au namba ya kipuuzi, haisemi kosa liko wapi. Baada ya kugeuza, ilitofautiana na hesabu ya mkono kwa chini ya kelvini 100. Fanyeni ya mkono kwanza kila mara. Bila hiyo tusingejua kama kosa ni la maandishi au la data.

Kuhusu uhakika: kosa la asilimia 10 kwenye 4363 linaleta kelvini 320 na asilimia 11 ya oksijeni. Tunakadiria letu kuwa asilimia 6, kwa hiyo ±200.

## 20 Oktoba: Wingi wa elementi

Heli ilikuwa rahisi. 5876 ni 14.5 na 4686 ni 16.0. Mstari wa 5876 hupandishwa na migongano kwa asilimia 6 au 7 kwa msongamano huu, na asiyeiondoa anapata heli ya ziada ambayo nyota haikuipika. Baada ya kuiondoa: He⁺/H⁺ = 0.100, He²⁺/H⁺ = 0.013, jumla 0.113.

O²⁺/H⁺ ilitoka 3.9 × 10⁻⁴. Tatizo lilikuwa O⁺. Mstari wake mkuu, 3727, uko nje ya kifaa chetu, kwa hiyo tulitegemea jozi hafifu ya 7320 na 7330. Huko kuna mambo mawili ya kuangalia. Hewa ya juu ya dunia inang'aa kwa mistari ya OH, ikiwemo 7316, 7329 na 7340, nayo inabadilika kila dakika chache. Anga lazima litolewe picha kwa picha, kamwe si kwa wastani wa usiku. La pili ni kwamba sehemu ya nuru ya jozi hii inatoka kwa O²⁺ inayonasa elektroni, si kwa O⁺ iliyogongwa. Kwa nebula hii sehemu hiyo ni 0.37 kati ya 2.0 tuliyoipima, karibu moja ya tano. Baada ya kuitoa, O⁺/H⁺ = 1.3 × 10⁻⁵.

Oksijeni iliyopoteza elektroni tatu haionekani kwenye nuru hii, kwa hiyo inakadiriwa kupitia heli: (0.113/0.100) kwa kipeo cha theluthi mbili, yaani 1.085. Jumla ya O/H ni 4.4 × 10⁻⁴. Kwa mizani ya logi ya wanaastronomia, ambako hidrojeni ni 12, ni 8.64. Jua ni 8.69.

Naitrojeni tunaiandika kwa tahadhari. N⁺ ni 2.7 × 10⁻⁶ tu, na njia ya kawaida ni kudhani N/O = N⁺/O⁺, ambayo inatoa 0.2. Lakini O⁺ ni kama asilimia 3 ya oksijeni yote, maana yake tunaona kipande kimoja cha naitrojeni na kukizidisha mara 34. Kinachoweza kusemwa ni kwamba NGC 7009 haimo katika kundi la nebula zenye heli juu ya 0.125 na N/O juu ya 0.5, zile za nyota nzito ambazo sakafu ya bahasha yake ilikuwa na joto la kutosha kugeuza kaboni kuwa naitrojeni. Desimali ya pili ya N/O hatuiandiki.

## 3 Novemba: Kaboni, na mizani mbili zisizochanganyika

Kaboni haina mstari marufuku wa kufaa kwenye nuru ionekanayo. Ina mstari wa unasaji, yaani unaotoka ioni inaponasa elektroni, kwenye 4267, hafifu sana. Kwa kuunganisha picha zote ndefu za Septemba tulipata 0.8 ± 0.2. Mstari wa namna hii hautegemei sana joto, na hesabu ni fupi: C²⁺/H⁺ ≈ 0.0985 × 0.008 = 8 × 10⁻⁴.

Gawanya kwa O²⁺ yetu ya 3.9 × 10⁻⁴ na unapata 2. Kaboni mara mbili ya oksijeni, nyota ya kaboni, hadithi nzima ya maisha yake inabadilika. Tulikuwa tumeshaiandika hivyo kwenye rasimu ya jedwali, nayo ilikuwa kosa.

Mistari ya unasaji na mistari marufuku haitoi wingi sawa hata kwa ioni moja. Tatizo hili linajulikana tangu miaka ya 1940, na NGC 7009 ni mojawapo ya nebula ambako ni kubwa: O²⁺ ikipimwa kwa mistari ya unasaji inatoka karibu mara 5 ya ile ya mistari marufuku. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba ndani ya gesi ya kawaida kuna vifundo baridi vyenye metali nyingi (yaani elementi nzito kuliko heli), ambavyo vinanasa elektroni kwa urahisi lakini havina joto la kuwasha 5007. Kwa hiyo kaboni ya unasaji lazima igawanywe kwa oksijeni ya unasaji.

Tulijaribu kupata oksijeni hiyo kwenye 4649. Kifaa kinaonyesha kilima kimoja kuanzia 4630 hadi 4655, ambamo mna naitrojeni 4634 na 4641, kaboni 4647, na oksijeni 4649 na 4651. Tulilinganisha mistari mitano, na kila tulipobadilisha mandharinyuma kidogo jibu lilihama kwa mara mbili. Tumeacha. Kazi hiyo inataka uwezo wa kutenganisha wa 5000 au zaidi.

Jedwali sasa lina He/H 0.113, O/H 8.64 ± 0.05, N/O karibu 0.2, na 4267 imeandikwa kama nguvu ya mstari peke yake, bila C/O. Jumla ya gharama hadi leo: usiku 4 wa anga, mmoja tu kati yake ukiwa umetumika kwa matokeo ya mwisho yasiyo na marekebisho.

Kinachofuata ni NGC 7662 katika Andromeda, kwa utaratibu uleule wa meridiani, na wavu wa mistari 1200 kwa ajili ya dirisha la 4600–4700 pekee. Picha za machweo zimeshaanza kupigwa.